Mvua imekatika, mjukuu amezikwa: nitaitikiaje "Mungu ni mwema"?

Swali la msomaji: "Nalima wilayani Chamwino, Dodoma. Mwaka huu mvua ilikatika katikati ya Februari, mahindi yakakauka yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, mtama umeshika kidogo tu. Machi tukamzika mjukuu wangu wa miaka minne. Malaria ilimpanda kichwani. Jirani yangu, ambaye kanisani haonekani, ana kisima na zabibu anavuna mara mbili kwa mwaka. Jumapili kiongozi akisema 'Mungu ni mwema' wote wanajibu 'wakati wote', lakini mimi mdomo haufunguki. Mzee mmoja wa kanisa ameniambia nijichunguze kwenye zaka. Je, ninatenda dhambi nikinyamaza? Na huo wema wa Mungu ni upi hasa? Sikukuu ya mavuno inakaribia nami sina cha kupeleka."

Pole mama. Pole ya shamba na pole ya mjukuu, na nazitaja mbalimbali makusudi, kwa sababu mtu akipatwa na mambo mawili kwa pamoja watu humpa pole moja ya jumla kisha humtafutia sababu moja ya jumla. Shamba lina habari yake na mtoto ana habari yake.

Hutendi dhambi. Hilo lijue kwanza, mengine yafuate. Katika 1 Samweli 1 yuko mama aitwaye Hana, aliyekwenda hekaluni huko Shilo na uchungu wake. Midomo ilikuwa ikicheza tu, sauti haitoki. Kuhani Eli alimtazama akadhani amelewa, akamkemea. Ukisoma mstari wa 13 mpaka wa 17 utaona aliyekosea pale ni kuhani, na aliyesikiwa na Mungu ni yule ambaye sauti yake haikutoka. Anayenyamaza mbele za Mungu kwa sababu ameumia bado yuko mbele za Mungu. Kumkana ni jambo lingine kabisa.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, maana hapa Kiswahili chetu kina mtego. Tukisema "fulani ni mwema", mara nyingi tunamaanisha alinipa, alinisaidia, alinikopesha nikakwama asinidai. Wema wa mtu tunaupima kwa kilichotua mikononi mwetu. Tukihamishia kipimo hicho kwa Mungu, kila mvua inapokatika tutalazimika kusema wema wake nao umekatika. Zaburi 119:68 inatenganisha vitu viwili kwa maneno machache: "Wewe U mwema na mtenda mema." La kwanza linasema Mungu ni nani. La pili linasema anafanya nini. Matendo yake tunayaona leo, kesho hatuyaoni, keshokutwa tunayaona tukiwa tumechelewa. Lakini jinsi alivyo hakupandi na kushuka na msimu. "Wakati wote" ya kanisani inahusu la kwanza. Anayeitikia hatoi taarifa ya mavuno. Anamkiri Mungu, kama tunavyosema Imani ya Mitume.

Angalia pia wema huo ulitangazwa lini. Katika Kutoka 33:18 Musa aliomba kuuona utukufu wa Mungu. Jibu lilikuwa, "Nitapitisha wema wangu wote mbele yako." Na wema ulipopita, katika 34:6, ulijieleza hivi: "mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli." Hapo Waisraeli walikuwa wametoka kuabudu ndama wa dhahabu siku si nyingi. Hawakuwa na zaka safi wala rekodi nzuri ya kuonyesha. Kama wema wa Mungu ungekuwa malipo ya mwenendo mzuri, ile ndiyo ingekuwa siku ya kuufunga. Badala yake ndiyo siku ulipofunuliwa kwa undani kuliko siku nyingine yoyote katika vitabu vya Musa. Hata hivyo Musa hakuona uso. Alifichwa katika ufa wa mwamba, akaona nyuma tu. Nalitaja hilo kwa sababu wahubiri wengi huliruka: hata siku ile ya ufunuo mkubwa, sehemu ilibaki imefunikwa.

Na wema huu si ule wa babu anayewaachia wajukuu wafanye watakalo. Zaburi 136 ina mistari 26, na kila mstari unafungwa kwa kusema fadhili zake ni za milele. Ndani ya orodha hiyo ya fadhili yumo Farao akitupwa katika Bahari ya Shamu. Aliyekuwa mtumwa analielewa hilo haraka: asiyemzuia anayekupiga hakufanyii wema.

Tuingie shambani. Yesu alipotaka kuonyesha jinsi Baba alivyo mwema alichukua mfano wa mvua: "maana yeye huwaangazia jua lake waovu na wema, huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki" (Mathayo 5:45). Waliomsikiliza walikuwa watu wa Galilaya, wakulima na wavuvi, watu wa kungoja mvua ya kwanza na mvua ya mwisho kama wewe. Walijua mvua haibagui shamba. Wingu likipita juu ya kijiji hunyesha kwa mlevi na kwa mzee wa kanisa, na likikataa huwakatalia wote wawili. Kwa hiyo mstari huo huo unaotufundisha ukarimu wa Mungu unatukataza kuitumia mvua kama kipimo cha nani amependwa na nani amekasirikiwa.

Dodoma ni nchi ya msimu mmoja. Mvua huanza Desemba au mwisho wa Novemba, huisha Aprili, na jumla yake kwa mwaka huwa kati ya milimita 500 na 700 hivi. Katikati ya msimu hutokea pengo la ukavu, na mara nyingi huangukia Februari, wakati mahindi yapo kwenye mbelewele na kitu yasichoweza kuvumilia ni kiu. Mtama na uwele huvumilia zaidi, ndiyo maana wazee wa Ugogo, nchi ya Wagogo huko Dodoma, waliishi kwa nafaka hizo. Zabibu za jirani yako hazikupona kwa sababu yeye haendi kanisani. Zilipona kwa sababu ya kisima, mizizi mirefu, na kupogolewa kwa wakati, kazi ambayo ndiyo hufanya mzabibu wa Dodoma uzae mara mbili kwa mwaka. Mungu ndiye aliyeweka maji chini ya ardhi na kanuni za mizizi. Huo nao ni wema wake, na jirani anaufaidi bila kumshukuru. Mathayo 5 ilikwisha kutuambia itakuwa hivyo.

Na huyo mzee aliyekutajia zaka? Sitaki kumvunjia heshima, lakini alichosema hakina mguu wa kusimamia. Zamani katika Ugogo mtemi alibeba jukumu la mvua, na ukame ukizidi watu walitafuta mwenye kosa: nani ameharibu mila, nani ameifunga mvua. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika Mpwapwa mwaka 1876, na Injili iliyohubiriwa tangu hapo ilipaswa kuwatoa watu katika kumtafuta mchawi kila wingu linapopita bila kunyesha. Tukimweka asiyetoa zaka katika kiti cha mchawi, tumerudi tulikotoka, tofauti ni kwamba tumevaa kanzu.

Anayetumia Malaki 3:10 kukushtaki asome kitabu chote, ni sura nne tu. Lawama za sura ya kwanza na mwanzo wa ya pili zinawaangukia makuhani, waliokuwa wakileta madhabahuni wanyama vipofu, vilema na wagonjwa. Zaka ya sura ya tatu inapelekwa ghalani "ili kiwemo chakula" katika nyumba ya Mungu. Chakula cha nani? Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inajibu: kila mwaka wa tatu zaka ya mazao iliwekwa ndani ya malango ya mji, ikaliwa na Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wakashiba. Kwa utaratibu huo, mama ambaye shamba limeungua na nyumba ina msiba hasimami upande wa wadaiwa. Anasimama karibu sana na wale waliowekewa ghala. Na Paulo akiandika juu ya changizo anasema nia ikiwapo, mtu "hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo" (2 Wakorintho 8:12).

Yesu mwenyewe aliletewa habari za namna hii, za Wagalilaya waliouawa na Pilato. Naye akaongeza habari ya mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18 ukawaua, akauliza: je, mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine? Akajibu mwenyewe, "Sivyo" (Luka 13:5), kisha akawageuzia waliomsikiliza: ninyi tubuni. Juu ya mtu aliyezaliwa kipofu alisema tena kwamba si dhambi yake wala ya wazazi wake (Yohana 9:3). Biblia haikatai kwamba dhambi huleta madhara. Mlevi huuza shamba, mzinzi huvunja nyumba. Inachokataa ni kurudi kinyumenyume: kuona madhara, halafu kubuni dhambi ya kuyatosheleza. Rafiki watatu wa Ayubu walifanya hivyo kwa sura nyingi na kwa lugha tamu, na mwishoni Mungu alisema hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena (Ayubu 42:7). Ayubu ambaye alikuwa amelalamika karibu kitabu kizima! Ukikumbuka kitu kimoja kutoka kitabu hicho, kumbuka hicho.

Habari ya mtoto ni nzito zaidi, na sitaipunguza uzito.

Swali la zamani ni hili: kama Mungu ni mwema na ana uwezo wote, uovu umetoka wapi? Aliyeling'ang'ania kuliko wengi ni Mwafrika, Agustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, Algeria ya leo, akawa askofu wa Hippo. Ujanani alifuata kwa miaka tisa hivi mafundisho ya wafuasi wa mwalimu aitwaye Mani, waliosema zipo nguvu mbili za milele, nuru na giza, zinazopigana, na uovu una chanzo chake wenyewe. Baadaye aliona haiwezekani. Uovu hauna mwili wake. Ni upungufu na uharibifu wa kitu kilichokuwa chema. Mfano wa kwetu ni dumuzi kwenye ghala: haoteshi mahindi, hana shamba, anaishi kwa kula mahindi yaliyopo, akiacha unga na matundu. Lisingekuwapo hindi, lisingekuwapo tundu. Katika Mwanzo 1 Mungu aliona kazi yake kuwa njema mara saba, na mara ya saba ni "chema sana". Ubaya ulikuja juu ya wema huo. Haukuutangulia na hautabaki baada yake.

Fundisho hilo ni la kweli na linafaa kujua, kwa sababu linazuia tusimfanye shetani kuwa mungu wa pili. Lakini ni fundisho la darasani. Halipelekwi msibani. Mama aliyetoka makaburini haambiwi kwamba kifo ni upungufu.

Kuna mabaya ambayo mkono wa mwanadamu unaonekana. Njaa ambayo wazee wa Ugogo waliipa jina la Mtunya, kati ya 1917 na 1920, haikuletwa na ukame peke yake. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani na baada yao Waingereza walichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo kutoka nchi hii hii, ndipo mvua nayo ikakosekana. Aliyesema wakati ule "ni Mungu tu" aliwaficha waliobeba magunia. Malaria nayo ina mbu, ina madimbwi, ina umbali wa kufika kituo cha afya, ina saa zinazopotea. Sisemi hayo ili ujilaumu, mama. Siijui siku ile ilikwendaje na wala si kazi yangu kukuuliza. Nasema ili usimbebeshe Mungu mambo yote kwa jumla.

Hata hivyo, ukiondoa yote yenye mkono wa mtu, yanabaki mengine yasiyo na jibu. Kwa nini huyu mtoto, homa hii, wiki hii? Maandiko hayatoi sababu ya kifo kimoja kimoja, na anayekupa sababu hiyo kwa uhakika ameipata kwingine. Yanachosema ni kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja vikingoja kuwekwa huru (Warumi 8:21-22), na kwamba mauti ni "adui wa mwisho" (1 Wakorintho 15:26). Adui! Hilo neno lishike. Linatulazimu kuangalia upya maneno tunayoyasema msibani kwa mazoea.

"Kazi ya Mungu haina makosa." Ni kweli Mungu hakosei, lakini ikisemwa juu ya jeneza dogo inamaanisha kifo kile ni kazi yake aliyoifurahia. Maombolezo 3:33 inasema kinyume: "Maana moyo wake hapendi kuwatesa wanadamu, wala kuwahuzunisha."

"Tulimpenda lakini Mungu amempenda zaidi." Hapa Mungu anafanywa mshindani wa bibi, aliyemnyang'anya mtoto kwa kuwa upendo wake una nguvu. Watoto wakubwa wa nyumba husikia hayo, na wengine hubaki wanaogopa kupendwa na Mungu. Bora tusiseme.

"Bwana alitoa na Bwana ametwaa." Haya ni Maandiko kabisa, Ayubu 1:21. Lakini tazama ni nani anayesema. Ni aliyefiwa, akijisemea mwenyewe, siku ya kwanza. Rafiki zake siku saba za mwanzo walikaa chini pamoja naye bila kusema neno (2:13), na huo ndio muda pekee waliomsaidia. Aliyefiwa ana haki ya kuyasema maneno hayo. Mwenye kuleta rambirambi hana haki ya kumsemesha.

Na Warumi 8:28? "Katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema." Paulo hasemi kila jambo ni jema. Anasema katika yote, hata yaliyo mabaya kweli, Mungu hajaacha kazi. Yusufu aliwaambia ndugu zake waziwazi kwamba walimkusudia mabaya (Mwanzo 50:20), hakuyageuza jina. Na alisema hayo baada ya miaka mingi, kwa kinywa chake mwenyewe, si siku alipokuwa shimoni.

Basi Mkristo anajuaje kwamba Mungu ni mwema, kama hasomi kwenye shamba wala kwenye afya za watoto? Jibu la Agano Jipya liko mahali pamoja. "Bali Mungu aonyesha pendo lake yeye mwenyewe kwetu sisi, kwa kuwa Kristo alikufa kwa ajili yetu, tulipokuwa tungali wenye dhambi" (Warumi 5:8). Wema wa Mungu una uso, nao ni uso wa Yesu. Kaburini kwa Lazaro alijua atamfufua baada ya muda mfupi, na bado alilia machozi (Yohana 11:35). Martha na Mariamu kila mmoja alimwambia kwa lawama, kama ungalikuwapo hapa ndugu yetu hangalikufa, naye hakuwakemea. Msalabani alipaza sauti kwa maneno ya Zaburi 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Kwa hiyo yule ambaye kanisa linamwita Mungu mwema aliyekuja katika mwili, naye aliomba sala ambayo haikuwa na "wakati wote" ndani yake. Baba hakumkana kwa sala hiyo. Siku ya tatu alimfufua, na ufufuo ndio unaotupa neno la kusema juu ya mtoto wa miaka minne: adui hatabaki na alichokichukua.

Juu ya jirani, soma Zaburi ya 73 yote, taratibu, hata mara tatu kwa wiki moja. Asafu anaanza na ile ile kauli ya kanisani, "Hakika Mungu ni mwema," kisha mstari wa pili anakiri karibu ateleze, na wa tatu anataja sababu: aliwaonea wivu walionawiri bila Mungu. Anaeleza afya zao na mali zao kwa mistari mingi kama mtu aliyekaa dirishani akihesabu. Kinachobadilika katika mstari wa 17 si hali ya jirani. Asafu anaingia patakatifu, na mwisho wake, mstari wa 28, ni: "Nami kumkaribia Mungu ni kwema kwangu." Neno jema limehama kutoka kwenye vitu likakaa kwenye ukaribu. Haikutokea kwa siku moja. Na kwa huyo jirani, kama mna maelewano, muulize habari za maji. Kuomba ndoo kwa asiyesali si kushindwa kwa imani. Eliya alilishwa na mjane wa Sarepta, mwanamke wa taifa lingine (1 Wafalme 17).

Sasa namna ya kuomba wakati mdomo haufunguki. Tumia Zaburi ya 13 kama kalibu, maana ni fupi na imegawanyika vizuri. Mstari wa 1 na 2 ni malalamiko, na yanaelekezwa kwa Mungu mwenyewe: "Hata lini" inarudi mara nne. Wa 3 na 4 ni ombi. Wa 5 na 6 ni tumaini. Chagua saa ambayo nyumba imetulia, kabla ya alfajiri au wakati mmelaza mifugo. Kama Kigogo ndicho ulichomlilia nacho mtoto, omba kwa Kigogo. Machozi yana lugha yake. Sema malalamiko yako kwa kutaja vitu kwa majina: mahindi, Machi, jina la mtoto. Usiseme "changamoto". Halafu omba jambo moja linaloonekana, kwa mfano chakula mpaka msimu ujao, au usingizi. Sehemu ya tatu ikikataa kutoka, iache. Zaburi ya 88 haina sehemu ya tatu kabisa. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na bado imo ndani ya Biblia, inaimbwa. Dakika kumi zinatosha. Kesho yake rudia.

Yapo makosa matatu yanayoharibu sala ya namna hii. La kwanza ni kurukia sifa kwa kuogopa kumkosea Mungu. Uchungu uliorukwa hurudi kama hasira kwa watu wa nyumbani. La pili ni kumsema Mungu kwa watu bila kumsemesha mwenyewe. Waisraeli jangwani walinung'unika hemani mwao wakapata lawama. Watunga zaburi walipeleka maneno makali zaidi madhabahuni, tukayapokea kama Neno. Tofauti ni mwelekeo. La tatu, na hili naomba usikie kwa makini, ni nadhiri na ununuzi. Mtu mwenye uchungu huahidi mbuzi asiye naye, au humfuata anayeuza maji, mafuta au "ukombozi wa shamba" kwa bei. Elisha alikataa zawadi ya Naamani baada ya kumponya, na mtumishi wake Gehazi aliyekimbia kuidai alirudi na ukoma (2 Wafalme 5). Wema wenye risiti ya malipo si huu tunaouzungumza.

Jumapili ijayo, kiongozi akisema "Mungu ni mwema", una njia tatu halali. Unaweza kunyamaza na kuwaacha wenzako waseme kwa niaba yako. Mwitikio ni wa kusanyiko, na kazi mojawapo ya kusanyiko ni kubeba imani ya aliyechoka, kama wale wanne waliomteremsha mwenye kupooza kupitia darini, ambapo Yesu "alipoiona imani yao" alitenda (Marko 2:5). Unaweza kuitikia polepole huku ukijua unamtaja Mungu alivyo, wala husemi mwaka ulikuwa mzuri. Au unaweza kujibu kimoyomoyo kwa Zaburi 13:1. Na viongozi wanaosoma hapa: msimwambie mtu "hamjaitikia vizuri, rudieni" bila kujua nani kakaa benchi la nyuma. Mwaka wa ukame, weka zaburi moja ya kulalamika katika ibada kabla ya mwitikio huo. Zaburi za namna hiyo ni nyingi kuliko za aina nyingine yoyote katika kitabu kile. Hazikuwekwa humo zikae bure.

Mwisho ni sikukuu ya mavuno. Nenda. Kama una kibaba cha mtama, kipeleke kibaba, usikope debe ili uonekane. Kama huna, nenda mikono mitupu, na Habakuki 3:17-18 iwe sadaka yako: hapo nabii anahesabu mtini, mizabibu, mizeituni, mashamba na mazizi, vyote vitupu, akiwa bado anamgeukia Mungu. Kabla ya siku hiyo mwone mchungaji wako, au mama anayeongoza umoja wa akina mama, mwambie wazi: "Nyumba yangu haina chakula cha kufikia mavuno yajayo, tuko watu kadhaa." Taja idadi ya watu na idadi ya magunia mliyopata. Mazao yakishapokelewa madhabahuni, kanisa nyingi huyanadi hapo hapo na fedha ikaenda kwenye ujenzi. Omba sehemu ibaki kama nafaka na igawiwe nyumba zilizokosa, yako ikiwemo. Akikuuliza umetoa wapi wazo hilo, mwonyeshe Kumbukumbu la Torati 14:29.